Dari Juu ya Kichwa cha Mama

Walisema sitavuka njiapanda ya Nangurukuru. Nilipovuka, wakasema nitarudi kabla viatu havijachakaa, na waliposikia niko Lindi nakata mkonge ili nipate ada ya shule, wakasema mkonge ndio utakaokuwa shule yangu. Mzee mmoja mshona kofia, ambaye kila alasiri alikaa kwenye benchi la kahawa pale Kilwa Kivinje, aliwaambia watu kwamba mtoto wa mchoma chokaa hawezi kujifunza kujenga kwa kusoma, maana angekuwa na akili ya kujenga angejifunza kwa baba yake bure. Wote waliosema maneno hayo nilikuja kuwaona wakinyamaza, mmoja mmoja, na sioni aibu kusema kwamba nilifurahi.

Nilirudi na diploma ya ujenzi ndani ya fremu ya kioo, nimeifunga kwa shuka mbili katikati ya sanduku la bati ili isivunjike njiani. Niliipata Uganda, katika chuo kilichokuwa upande wa milima mirefu ya magharibi. Huko ardhi hutikisika mara kwa mara, hata watu wakiwa mezani hushika vikombe vyao, wakasubiri kidogo, kisha wakaendelea kunywa. Mwalimu wetu alituchorea ubaoni ufa mkubwa ulio chini ya nchi zetu, unaoteremka kutoka kwenye maziwa kwenda kusini, na akatueleza kuwa una matawi ambayo hakuna aliyeyafuata yote. Mengine, alisema, huenda yanafika baharini. Kisha akasema neno ambalo wenzangu waliliandika tu, mimi nikalielewa: tetemeko lenyewe haliui mtu, kinachoua ni uzito ulio juu ya kichwa chake. Katika somo la uzito wa paa nilikuwa wa kwanza. Matokeo yalibandikwa ukutani, na aliyetaka kuyaona aliyaona.

Nilifika Kivinje baba yangu amekwisha kuzikwa, na mama yangu yumo ndani anakaa eda. Mjane wa kwetu hukaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki nje ya nyumba ya mumewe, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yule ambaye sheria ingemruhusu kumwoa, haingii mahali alipo.

Nyumba yenyewe baba aliijenga kwa mikono yake na kwa chokaa aliyoichoma mwenyewe. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe. Juu ya kila chumba palikuwa na dari ya mawe: boriti za mkoko zimelazwa moja kando ya nyingine, na juu yake mawe na chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana, unene wa mkono kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko. Juu kabisa lilikuwepo paa la makuti la kuzuia mvua. Kwa watu wa mji wetu dari ya mawe ilikuwa heshima. Mwenye dari na mwenye makuti matupu hawakusalimiwa kwa sauti moja.

Nilimbusu mama mkono, nikampa pole, nikakaa mkekani. Macho yangu yakapanda juu.

"Unatazama nini, baba?" akaniuliza. Mama huniita baba mpaka leo.

"Dari."

"Nzuri, siyo? Marehemu alikuwa akilala chali anaitazama kama wewe."

Nilikuwa natazama boriti iliyo juu ya kitanda chake. Ilikuwa na ufa.

Wiki ile ile ardhi ilitikisika. Lilikuwa tetemeko dogo, vikombe viligongana kabatini na unga wa chokaa ukaanguka kwenye shuka la mama kama vile mtu amepepeta juu yake. Watu mjini walitoka nje, wakasoma dua, wakacheka, wakarudi kulala. Baada ya siku chache likaja jingine, kisha jingine lililotoa nyufa kwenye ukuta wa nyumba moja ya zamani karibu na soko. Wazee wakaanza kukumbuka kwamba babu zao walisimulia juu ya zilizala iliyoangusha nyumba za mawe, na kwamba nayo ilitanguliwa na vijitetemeko kama hivi. Mimi sikuhitaji babu wa mtu. Nilijua dalili zile kwa kuwa nilizisomea. Kubwa lilikuwa linakuja, au huenda lilikuwa linakuja, na mama yangu alikuwa analala chini ya tani za mawe zilizobebwa na boriti yenye ufa.

Nikamwambia ahamie kwa shangazi, dada wa baba, ambaye nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo. Nyumba ya namna ile hucheza pamoja na ardhi, haianguki kwa urahisi.

"Nimwache mume wangu katikati ya eda?" akasema. "Watu wa mji huu wataninyoa kwa maneno."

Nikaenda kwa sheikh. Sheikh akasema bila kusita kwamba mjane akiogopa kuangukiwa na nyumba anaruhusiwa kuhama, sheria imempa nafasi. Nikarudi mbio na habari hiyo.

"Amesema naruhusiwa," mama akajibu. "Hakusema nimeamriwa."

"Mama, nyumba itakuangukia."

"Basi ijenge isianguke. Si ndiyo uliyokwenda kusomea?"

Nikachukua kamba, nikaanza kupima vyumba.

Nikaamua kuishusha ile dari, chumba baada ya chumba, mama akiwa humo humo ndani, akihama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kuta zingebaki na paa la makuti ambalo hata likianguka humwachia mtu mikwaruzo. Nilikodi vijana wanne wenye nguvu. Kwa kuwa hawakuruhusiwa kuingia ndani, niliwapandisha juu ya dari kwa ngazi ya nje, wakaanza kugongagonga chokaa kwa mitaimbo. Haikupita saa, dada yangu mdogo, aliyekuwa ndani akimhudumia mama, akatoka nje anatweta.

"Mama amejifunika gubigubi chini ya kitanda. Anasema kuna nyayo za wanaume juu ya kichwa chake."

Nikawashusha. Walikuwa bado wanapangusa vumbi wakati mzee mshona kofia alipopita, sindano yake imechomekwa kwenye kofia aliyokuwa akiishona. Akasimama.

"Bwana Diploma! Naona umeanza na umemaliza."

"Nitaishusha," nikasema.

"Kwa watu gani? Maharimu wa mama yako ni wewe na mjomba wako, na mjomba wako akipanda ngazi tunaanza kuchimba kaburi la pili."

"Nitaishusha, na mama hataangukiwa na hata kokoto."

"Haya. Mimi nipo."

Kwa kuwa watu watatu walisikia, jioni mji mzima ulikuwa unajua. Sikujali. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu, na jibu lilikuwa jikoni kwa shangazi.

Zamani dari za mawe zilipigwa na wanawake. Fundi alipomaliza kumwaga chokaa, wanawake wa mtaa walipanda juu na vijiti, wakakaa mistari, wakaipiga kwa wimbo siku baada ya siku mpaka ikakauka na kuwa ngumu. Shangazi yangu, alipokuwa msichana, aliipiga ile dari ya kaka yake. Nilipomweleza ninachotaka, aliufuta mkono wake kwenye kanga, akaniambia, "Niliipiga mimi, nitaibomoa mimi. Wewe tuambie tu tusimame wapi tusianguke." Kabla ya magharibi alikuwa amekusanya wanawake saba.

Hata hivyo, mawe hayashushwi mpaka boriti zilizo chini yake zishikwe kwa nguzo, la sivyo uzito ukiondolewa upande mmoja upande wa pili huporomoka. Nilihitaji boriti nzuri za kusimamisha, na sikuwa nazo. Hapo ndipo nilipoanza kukopa. Wakuu wa msikiti walinipa boriti walizoweka kwa ajili ya kutengeneza ukumbi. Muhindi mwenye duka la vitambaa alinipa jeki ya lori lake na kamba nene za katani. "Jeki hii rudisha, bwana," akasema, "lori langu bila jeki ni nyumba tu." Boriti zilizobaki, ndefu na zilizonyooka kuliko zote, zilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mshona kofia. Alikuwa ameziweka kwa ajili ya nyumba ya mwanawe atakapooa.

Nilikwenda kumwomba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea kushona.

"Unataka boriti zangu."

"Ndiyo, mzee."

"Ili ushushe dari ambayo nilisema hutaishusha."

"Ndiyo."

Akakata uzi kwa meno. "Chukua. Nikikunyima utasema ulishindwa kwa sababu yangu."

Tukaanza. Ndani tulikuwa wawili, mimi na mjomba, kaka wa mama, ambaye miguu yake ilikuwa mibovu lakini mikono yake ilikuwa mizima. Tulisimamisha nguzo chini ya kila boriti, nikaipandisha kwa jeki mpaka ikagusa, nikaikaza kwa kabari. Juu, wanawake walibomoa kwa kufuata mstari niliowachorea kwa mkaa, wakaweka mawe kwenye vikapu, wakavipitisha mkono kwa mkono hadi kwenye ngazi. Nilikataza kutupa jiwe. Nilikataza watu wawili kusimama kwenye boriti moja. Nilikataza kuimba, kwa sababu nilitaka kusikia mlio wa boriti, na shangazi akasema hajawahi kuona dari inayoshughulikiwa kimya kama wezi wako kazini.

Sikuishia kwenye dari. Nilimtolea mama sahani za ukutani, nikashusha kioo na masanduku yaliyokuwa juu ya kabati, nikaondoa komeo la mlango wa chumba chake ili usije ukakwama. Nilijaza mitungi ya maji uani, na katikati ya ua nikajenga kibanda cha makuti. Ua ulikuwa ndani ya nyumba, eda yake isingevunjika akilala pale. Aliinama, akachungulia ndani ya kile kibanda.

"Nilale humu kama mlinzi wa shamba?"

Akaendelea kulala kitandani kwake. Basi nikamfundisha zoezi tulilofundishwa chuoni, ila badala ya kengele nilitumia debe.

"Nikigonga debe, mama, unaacha kila kitu, unatoka kwa mlango huu, unakaa katikati ya ua."

"Hata nikiwa nakula?"

"Hata ukiwa unakula."

"Hata nikiwa naoga?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Wewe ndiye mwenye diploma."

Tulifanya zoezi lile asubuhi na jioni. Mara za kwanza alitoka taratibu kama anayekwenda kumpokea mgeni. Baadaye alitoka haraka, kwa hasira, ili niache kugonga.

Vyumba vyote vilikwisha isipokuwa chumba chake. Alikuwa amekataa kukitoa mpaka cha mwisho, kwa sababu ya kitanda cha baba, na sasa hapakuwa na chumba kingine. Matetemeko yalikuwa yamenyamaza kwa siku kadhaa, na watu mjini walishaanza kusema yamekwisha. Kunyamaza kule ndiko kulikoninyima usingizi. Nilisimamisha nguzo zote chini ya dari ya chumba kile, zikakaa karibu karibu hadi mama akalazimika kupita ubavu kwenda kitandani. Wanawake wakaanza kubomoa kutoka upande wa mlango. Walikuwa wamefika nusu wakati adhana ya alasiri iliposikika. Shangazi akawashusha wote, wakaenda kisimani nyuma ya nyumba kutawadha.

Mama alitandika mswala wake pale pale chumbani, upande ambao dari ilikuwa bado. Nilitaka kumwambia aswali uani, lakini alikuwa amekwisha kuhirimia. Nikaona si kitu, ni dakika chache tu. Nikapiga magoti nyuma yake nikikaza kabari ya nguzo iliyo chini ya ile boriti yenye ufa.

Kwanza nilisikia mbwa, halafu kuku wote wa jirani. Kisha sauti ikatoka chini, sauti nzito kama lori linapita chini ya sakafu, na nyumba ikasukumwa. Nguzo zikalia. Nikalinyakua debe nikaligonga kwa nyundo. Mama alikuwa kwenye kikao cha mwisho, kidole chake cha shahada kimenyooka. Hakugeuka.

"Kata sala!" mjomba akapiga kelele kutoka mlangoni. "Dada, kata sala, Mungu atakusamehe!"

Nikagonga debe tena. Midomo ya mama ilikuwa inakwenda. Kabari niliyokuwa nimeikaza ikaruka ikanipiga kwenye goti, nguzo ikaanza kulala, na mimi nikaikumbatia kwa mikono miwili, bega langu chini ya boriti, nikaikaza miguu ukutani. Mpaka leo watu huniuliza kama nilikuwa na akili timamu. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya uzito wa dari ile asubuhi, na sasa nilijua nusu yake imekwisha kuondolewa, na kwamba nguzo moja na mtu mmoja mkaidi wangeweza kuishika kwa muda wa pumzi chache. Kama ingekuwa dari nzima, nisingekuwa naandika.

Mama akatoa salamu upande wa kulia. Akatoa salamu upande wa kushoto. Kisha akaondoka pale, sijapata kumwona akienda kwa kasi ile, akapita ubavu kati ya nguzo kama alivyozoea, akatoka kwa ule mlango usio na komeo mpaka katikati ya ua, akakaa chini.

"Na wewe toka!" akaniita. "Unamshikia nani?"

Nikaachia, nikaruka. Msukumo wa pili ulikuja wakati nikiwa kizingitini, mkubwa kuliko wa kwanza, na nusu ya dari iliyobaki ikashuka nyuma yangu kwa kishindo kilichojaza ua wote vumbi jeupe. Hatukuonana kwa muda. Nilimsikia mjomba akikohoa, nikamsikia shangazi akiita majina ya wanawake wake mmoja baada ya mwingine na wote wakiitika. Vumbi lilipotulia nilimwona mama amekaa alipokuwa amekaa, mweupe kama amepakwa chokaa toka kichwani hadi miguuni, anasoma. Mkononi ameshika mswala wake. Sijui aliuokota saa ngapi.

Mjini nyumba kadhaa za mawe zilipasuka na dari mbili zilianguka. Kwa rehema za Mungu saa ile watu wengi walikuwa njiani na misikitini, wakaumia wachache na hakufa mtu. Usiku ule mama alilala kwenye kibanda cha makuti bila kuambiwa, na akamaliza eda yake humo, ndani ya ua wa mumewe, kama alivyotaka. Mawe yalikilalia kitanda cha baba. Nilikichimbua mwenyewe, nikakitengeneza miguu.

Katika muda uliobaki wa eda nililipa madeni ya kazi. Kila mwanamke katika wale saba nilikwenda kwake. Mwenye dari nilimshushia, mwenye kuta za mawe nilimfungia mbao kuzunguka juu ili zishikane, na mwenye nyumba ya udongo nilimkazia fito na kumwonyesha pa kukaa ardhi ikitikisika. Shangazi alinifuata kila nyumba akinielekeza kwa fimbo. Sasa kila mtu alitaka nimfuate, hata watu wa kijiji cha Mitole walikuja kuniuliza kuhusu maghala yao ya mahindi, lakini niliwaambia wangoje, wenye kunidai kwanza.

Siku mama alipotoka edani, alioga, akavaa nguo mpya, akajitia manukato. Nilidhani atakwenda kaburini, au kwa shangazi. Akasema, "Vitu vya watu viko wapi?" Vilikuwa vimepangwa barazani. Basi tukatoka pamoja, mimi na mkokoteni, yeye mbele.

Tulirudisha boriti za msikiti, zikapokewa kwa dua. Tukamrudishia Muhindi kamba zake na jeki yake, nimeisafisha na kuitia mafuta, akaizungusha mara mbili, akasema, "Sasa nina lori tena." Mwisho tukafika kwa mzee mshona kofia. Alizitazama boriti zake moja moja, akaigonga kila moja kwa fundo la kidole. Moja ilikuwa imepinda.

"Hii sikukupa hivi," akasema.

"Najua, mzee." Nikatoa mbili mpya chini ya mkokoteni. Nilizikata mwenyewe mikokoni, tope limenifika kiunoni, na zilikuwa zimenyooka kuliko zake. Akazitazama, akamtazama mama.

"Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa sana," akasema mwishowe.

"Kweli, kaka," mama akamjibu. "Wewe ulikuwa chini ya dari gani?"

Mzee akainama kwenye kofia yake, akashona mishono michache. Halafu, bila kuinua uso, akaniuliza ni lini nitakuwa na nafasi ya kuja kuitazama dari yake.

"Keshokutwa," nikasema. "Kesho napumzika."

Tukarudi nyumbani na mkokoteni mtupu, sidaiwi na mtu hata mmoja katika mji ule. Mama alitembea katikati ya barabara, mbali na kuta.